Kutoka Mtwara hadi makorongo ya Isimila na Hifadhi ya Ruaha: tunavyoipanga safari ya likizo ya Juni

Mtu wa Mtwara au Lindi akitangaza kwamba anataka kwenda kuona hifadhi za taifa, ushauri wa kwanza anaopewa ni kushika njia ya Dar es Salaam, na akishafika huko ndipo aanze kuuliza habari za Mikumi au za kaskazini. Ushauri huo ulikuwa na sababu zake enzi ambazo barabara ya Masasi, Tunduru na Songea ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na lori liliweza kukwama njiani kwa siku kadhaa. Sasa lami imeunganisha Mtwara na Songea, na mimi ninaamini kwamba sisi wa kusini tumechelewa kuitumia njia hiyo kwa ajili ya matembezi. Tumezoea kuiona kuwa njia ya makaa ya mawe, mahindi na mabasi ya abiria, ilhali kwa familia yenye gari na likizo ya shule ndiyo njia inayofaa zaidi kufikia nyanda kavu za Iringa, ambako kuna makorongo ya Isimila na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Mpango wetu ni mzunguko. Tutatoka Mtwara kuelekea magharibi hadi Songea, tupande Njombe na Makambako, tufike Isimila na Iringa, tuingie Ruaha, kisha turudi kwa kushuka Kitonga, kupita Mikumi na Dar es Salaam, na kuteremka na barabara ya pwani hadi nyumbani. Yote kwa pamoja inakaribia kilomita 2,500. Ni safari ndefu, na kwa sababu hiyo tumeipanga kwa uangalifu ambao watu wengine wa nyumbani wanauona umezidi. Mimi siuoni hivyo, hasa kwa kuwa tunasafiri na watoto na mtu mzima.

Wazo lenyewe lilitokana na picha za makorongo ya jangwani ya Marekani ambazo watoto walizitazama katika simu, wakaniuliza kama mahali pa namna ile papo Tanzania. Grand Canyon, ambalo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1919, ni korongo lenye urefu wa kilomita 446 na kina kinachozidi mita 1,800, na limechimbwa na mto Colorado kwa mamilioni ya miaka. Sisi hatuna kitu cha ukubwa huo. Hata hivyo, katika picha hizo kulikuwa na nguzo za Bryce Canyon, kule Utah, ambazo barafu na mvua zimezichonga mojamoja hadi zikasimama kama umati wa watu, na nilipoziona nilikumbuka mara moja Isimila, ambako nilikwenda nilipokuwa nikisoma ualimu Iringa.

Isimila iko takribani kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, na mtu anayetokea Njombe kama sisi huifikia kabla ya kuingia mjini. Ukiwa barabarani huoni dalili yoyote ya korongo. Unaona mashamba, miti michache na kibao. Unateremka kwa miguu pamoja na mwongozaji, na baada ya mwendo mfupi kuta za ardhi zinapanda pande zote mbili, halafu zinaanza kugawanyika na kuwa nguzo. Zimefanywa kwa mchanga na udongo uliogandamana tabaka juu ya tabaka, nyekundu, kijivu na rangi ya maziwa, na nguzo nyingine zimebeba kichwani tabaka gumu lililoizuia mvua isimalize kazi yake. Nilipoziona kwa karibu, kilichonishangaza kuliko urefu wake ni jinsi zilivyo laini: ukipitisha kidole ukutani, unga mwembamba unabaki kidoleni, na unaelewa kwa nini mwongozaji anawakataza watu wasiegemee wala wasipande. Chini ya korongo mchanga ni mkavu na unaingia viatuni. Upepo hauingii, na ifikapo saa 6 mchana joto linakaa humo.

Zamani mahali hapo palikuwa na ziwa la kina kifupi, na watu waliokuwa wakiishi kandokando yake waliacha zana za mawe kwa wingi usio wa kawaida: mashoka ya mkono yaliyochongwa pande mbili, mapanga ya mawe na mawe ya kugongea. Zana hizo zilitambuliwa mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 mwanaakiolojia F. Clark Howell aliongoza uchimbaji. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka laki mbili na zaidi. Ilichimbuliwa pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, Hippopotamus gorgops, ambaye macho yake yalikuwa yamechomoza juu sana ya kichwa. Maji ya mvua ndiyo yaliyoyafukua hayo yote; korongo lilipokuwa likichimbika, lilikuwa likizitoa zana nje moja baada ya nyingine. Nataka watoto wangu walishike shoka la mkono hata kwa dakika moja, wauone ukingo wake uliochongwa na mtu, kabla hawajasoma habari za Zama za Mawe darasani na kuziona kuwa orodha ya majina ya kukariri.

Kuhusu majira, hapa ndipo watu wa kwetu wanapobanwa. Ruaha hunoga katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, na kadiri kiangazi kinavyoendelea ndivyo nyasi zinavyopungua na wanyama wanavyokusanyika kwenye maji machache yaliyobaki. Wanaoijua vizuri husema Septemba na Oktoba ndiyo miezi bora. Lakini Oktoba huku kwetu ni mwezi wa minada ya korosho, hakuna mwenye shamba anayeondoka nyumbani, na shule zimefunguliwa. Likizo ya Juni nayo inaangukia wakati wa kupuliza salfa, na mkorosho ukichelewa kupulizwa, ugonjwa wa unga wa ukungu hausubiri mtu arudi kutoka matembezini. Tumelimaliza hilo kwa kukubaliana na shemeji yangu wa Tandahimba: yeye atasimamia upuliziaji katika shamba letu tutakapokuwa safarini, na mimi nitakaporudi nitashika zamu yake. Kwa hiyo tunakwenda mwishoni mwa Juni, tukijua kwamba nyasi zitakuwa bado zipo na mto utakuwa bado unatiririka.

Habari ya mto huo inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayoamua sura ya hifadhi nzima. Ruaha Mkuu ulikuwa mto usiokauka. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukiacha kutiririka ndani ya hifadhi katika miezi ya mwisho ya kiangazi, na sababu kuu iko juu, katika bonde la Usangu, ambako maji huchepushwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga na ambako ardhioevu ya Ihefu ilipungua. Hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iliongezewa eneo la Usangu mwaka 2008, na ukubwa wake ukazidi kilomita za mraba 20,000. Viboko na mamba hubanana katika madimbwi mto unapokatika, na tembo huenda kwenye mito ya mchanga kama Mwagusi, wakachimba visima kwa mikonga na miguu hadi maji yachuruzike. Wanyama wengine husubiri zamu katika visima hivyo. Mibuyu nayo hutafunwa, kwa kuwa gamba na shina lake vina unyevu. Mimi nakula wali wa Usangu kama Watanzania wengine, na sidhani kwamba mkulima wa huko ni adui wa tembo, lakini nataka watoto wauone mto huo huku wakijua kwamba maji yake yana wadai wengi.

Baada ya kupata majira, tulianza hesabu ya mchana, na hapo nilimhitaji mjomba. Mjomba wangu aliendesha malori katika njia ya Songea kwa miaka mingi kabla ya lami, na kwetu, kama inavyojulikana, neno la mjomba haliwekwi kando. Nilikwenda nikamwamkia, nikamweleza kwamba nimepiga hesabu ya kilomita na nimeona tunaweza kulala Songea siku ileile ya kuondoka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mpwa wangu, usinihesabie kilomita. Nihesabie jua."

Tukalihesabu jua. Kutoka Mtwara hadi Masasi ni takribani kilomita 200, Masasi hadi Tunduru nyingine 195 hivi, na Tunduru hadi Songea karibu 265. Jumla kama 660. Barabara inapita vijiji vingi vyenye vibao vya 50, watoto na mbuzi, na dereva anayeheshimu vibao hivyo, akasimama kwa chakula na haja, hapati wastani unaozidi kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni saa 11 za usukani. Mwezi wa Juni jua la Mtwara huchomoza baada ya saa 12 na nusu asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, maana yake mchana mzima haufiki saa 12 kamili, na safari ya saa 11 ingeumeza wote bila kubakiza nafasi ya pancha moja. Liko jambo moja dogo linalotusaidia: kadiri tunavyokwenda magharibi ndivyo jua linavyochelewa kuzama kwa saa zetu, na Iringa hulipata jua la jioni kwa zaidi ya robo saa kuliko sisi. Mjomba alilijua hilo kwa uzoefu wa barabara, bila kulisoma popote.

Kwa hiyo tutalala Tunduru. Tutaondoka Mtwara alfajiri inapopambazuka, jua likiwa mgongoni, tupite Mikindani na kufika Mnazi Mmoja, ambako njia ya Lindi na ya Masasi hugawanyika. Kuanzia hapo ni Mtama, Nyangao, Ndanda, halafu ile milima ya mawe ya Masasi inayochomoza ghafla kutoka katika tambarare, ambayo kila mtoto wa kusini anapaswa kuiona mchana. Masasi tutajaza mafuta hata kama tangi litakuwa nusu. Ndiyo desturi tutakayoifuata katika kila mji mkubwa, yaani Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Iringa, bila kusubiri taa ya mafuta iwake. Mangaka kuna njia ya kushoto inayokwenda Mtambaswala na Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 juu ya mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Sisi tutanyoosha.

Siku inayofuata ni fupi kwa makusudi, Tunduru hadi Songea. Kati ya Tunduru na Namtumbo barabara inakatiza ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous na Hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, na tembo huvuka. Mjomba alirudia jambo hili mara nyingi kuliko jingine lolote: kipande hicho kipitwe mchana kweupe, tembo akionekana gari lisimame mbali, honi isipigwe, na mtu yeyote asishuke ili apige picha. Mchana wa Songea tutautumia katika Makumbusho ya Majimaji, mahali waliponyongwa mashujaa wa vita vile mnamo Februari 1906. Vita hivyo vilianzia Matumbi, katika Kilwa yetu, na sioni jinsi mtu wa Lindi au Mtwara anavyoweza kupita Songea bila kusimama hapo.

Songea hadi Njombe ni kona na miteremko ya Lukumburu, na baada ya hapo ni baridi. Watu wa pwani huidharau baridi ya Njombe hadi waikute. Juni ni mwezi ambao sakitu huonekana kwenye majani asubuhi. Masweta, soksi na kofia za watoto vitakaa juu ya mizigo, visiwe chini ya begi. Tutalala Mafinga ili tufike Isimila asubuhi, kabla joto halijajaa korongoni na wakati mwanga bado unaingia kwa pembeni, kwa kuwa nguzo zile zikimulikwa kutoka juu hupoteza rangi na vivuli vyake vyote.

Sasa Ruaha, ambayo ndiyo sehemu ya mpango inayohitaji hesabu ya fedha na ya maji kwa pamoja. Makao ya hifadhi yako Msembe, takribani kilomita 130 magharibi ya Iringa, na njia inapita vijijini, ikiwamo Tungamalenga, ambako zipo nyumba za kulala za bei nafuu nje ya hifadhi. Mtu akilala nje huokoa fedha ya malazi ya ndani, lakini hupoteza saa mbili zenye thamani kuliko zote, ile ya kuchwa na ile ya kupambazuka, kwa sababu kutembea usiku hifadhini hakuruhusiwi na geti hufunguliwa asubuhi. Tumeamua kulala ndani, Msembe, na kuyatumia vizuri masharti ya kiingilio, ambacho huhesabiwa kwa saa 24: tukiingia alasiri, tunapata jioni nzima, usiku, na asubuhi yote ya siku inayofuata kwa malipo ya siku moja. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni, watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, na wale wa hadi miaka 15 hulipa pungufu. Fedha taslimu hazipokelewi getini, kwa hiyo malipo nitayafanya nikiwa bado Iringa mjini, penye mtandao wa uhakika, na vitambulisho vya taifa pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitakuwa katika bahasha moja anayoitunza mama yao.

Maji tumeyapangia lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, na dumu jingine la lita 20 ambalo ni la gari peke yake na haliguswi kwa sababu nyingine. Mtu anaweza kuona ni mengi kwa safari inayopita miji. Hesabu yenyewe haikuwekwa kwa ajili ya miji, imewekwa kwa ajili ya ile saa ambayo gari limezima kilomita 30 kutoka Msembe, jua liko utosini, na sheria inakutaka ubaki ndani ya gari hadi upate msaada. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi tutaziacha Iringa, kwa sababu mbung'o huzifuata, na mbung'o wa Ruaha huuma hata kupitia shati.

Lipo jambo jingine ambalo nimelichukua kutoka kwa waendao makorongo ya Marekani. Tarehe 12 Agosti 1997, watu 11 walikufa katika Antelope Canyon, Arizona, walipofikiwa na mafuriko ya ghafla yaliyotokana na mvua iliyonyesha mbali, huku juu yao hakukuwa na dalili kubwa ya hatari. Mito ya mchanga ya Ruaha ina tabia hiyohiyo mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, kwa kuwa maji hutoka milimani na kufika mahali ambapo mbingu bado ni nyeupe. Juni hatari hiyo ni ndogo mno. Hata hivyo nimewaambia watoto kanuni moja watakayoikuta katika kila nchi kavu: chini ya korongo au katikati ya mto mkavu ni mahali pa kupita, hapalaliwi wala hapaegeshwi gari.

Gari letu ni Prado ya siku nyingi inayovuta magurudumu yote manne, na ukaguzi wake ulifanywa na mjomba mwenyewe. Fundi alikuwa ameshaangalia oili, breki, mikanda na rejeta, akasema gari liko tayari. Mjomba hakujibu. Alitandika gunia chini, akalala chali nyuma ya gari, akaagiza tairi la akiba lishushwe. Halikushuka. Mnyororo unaolishikilia ulikuwa umeshikana kwa kutu, pingili juu ya pingili, kama inavyotokea kwa kila chuma kinachokaa karibu na bahari yetu, na ilichukua mafuta ya taa, nyundo na muda mrefu kuulegeza. Tairi liliposhuka alilikalisha kwenye goti, akafungua kifuniko cha valvu, akatia mate kidogo kwa ncha ya kidole na kutazama. Povu dogo likatokea, likavimba, likapasuka, likatokea tena. Valvu ilikuwa ikivuja. Tumebadilisha valvu na mnyororo, na sasa naamini kwamba mtu yeyote wa pwani anayepanga safari ya mbali anapaswa kulishusha tairi lake la akiba hadi chini, alijaribu kwa jeki atakayoibeba na kwa spana atakayoibeba, katika uwanja wake mwenyewe. Tumeongeza pia kipimo cha upepo na pampu ndogo, kwa sababu kwenye mchanga mzito tairi lililopunguzwa upepo hupita mahali ambapo lililojaa huchimba, na baada ya mchanga ni lazima lijazwe tena kabla ya kurudi barabarani.

Chakula hakijatusumbua. Tutabeba korosho za kukaanga, ming'oko iliyochemshwa kwa siku ya kwanza, samaki wakavu, mchele na jiko dogo la gesi. Mchicha, nyanya na viazi tutanunua njiani, na Njombe tutajaza viazi kadiri nafasi itakavyoruhusu.

Kurudi kuna sehemu mbili zinazonifikirisha. Ya kwanza ni Kitonga, mteremko mkali wenye kona unaoshuka kutoka nyanda za Iringa hadi bonde la Ruaha Mbuyuni, lenye msitu wa mibuyu na mabanda ya vitunguu kando ya barabara. Pale malori hushuka taratibu, na madereva wasio na subira huyapita kwenye kona. Sisi tutashuka kwa gia ndogo, injini ilishike gari, breki ibaki kwa ajili ya dharura, na nyuma ya lori tutakaa hata kama ni hadi chini kabisa. Ya pili ni barabara ya pwani kati ya Kibiti na Nangurukuru. Mafuriko yaliyoambatana na Kimbunga Hidaya, Mei 2024, yaliikata barabara hiyo katika eneo la Somanga, na watu wa Lindi na Mtwara tulikaa tumetengwa na Dar es Salaam, bidhaa zikapanda bei na wagonjwa wakakwama. Ndiyo maana tumeiweka njia hiyo mwishoni mwa mzunguko: ikitokea ikawa na tatizo, tutakuwa tumeshaiona Ruaha, na tutaweza kurudi kwa njia ya Songea ambayo tayari tutakuwa tunaifahamu. Kabla ya kuondoka Dar es Salaam tutawapigia simu jamaa wa Somanga na Kilwa watupe hali ya barabara.

Mikumi tutaipita bila kuingia. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa takribani kilomita 50, na kwa mwendo uliowekwa wa kilomita 70 kwa saa, asubuhi au jioni, mtu huona twiga, nyati na swala bila kulipa kiingilio, mradi asisimame ovyo wala asitupe maganda ya ndizi kwa nyani. Milima ya Udzungwa, yenye maporomoko ya Sanje ya mita 170, nimeiondoa kwa uchungu, kwa sababu inadai siku yake na miguu yenye nguvu. Nayo Hifadhi ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019 ikiwa na kilomita za mraba 30,893, ni jirani yetu. Sehemu yake imo katika mkoa wa Lindi wenyewe. Nimekataa kuibandika mwishoni mwa safari hii, tukiwa tumechoka na vumbi limeingia hadi kwenye mito ya kulalia. Nchi ile ina mito, mabwawa na boti, na inahitaji maandalizi ya namna nyingine kabisa na ya nchi kavu. Tutaipangia kiangazi cha mwaka mwingine, tukitokea Kibiti na kuingilia Mloka.

Mjomba amekubali kufuatana nasi kwa sharti moja, kwamba kati ya Tunduru na Songea usukani ashike yeye. Nimekubali. Leseni yake bado ni hai, macho yake yamepimwa hospitali mwezi uliopita, na njia hiyo anaijua mto kwa mto.